Nanga ya akiba ya mashua tano

Wiki iliyopita kijana jirani yangu hapa Luano, Lubumbashi, dereva wa teksi, aligonga mlango wangu asubuhi akiomba nimwazime kizima-moto. Nikatoka mbio na ndoo ya maji.

"Apana, Papa, moto haiko," akasema. "Bapolisi banasimama pale njia zinakutana, kwa rond-point. Banauliza extincteur. Nitakurudishia midi, saa sita."

"Na yako iko wapi?"

"Yangu nilimuazima mwenzangu. Iko kwa rond-point ingine."

Nikampa. Akashukuru, akaondoka, akapita kwa polisi kama mtu mwenye haki zake zote. Mimi nikarudi ndani, nikamwambia mke wangu aniletee daftari. Naandika polepole, shule yangu iliishia darasa la sita, kwa hiyo msinikimbize. Wenye haraka waende kwanza kutazama kama gurudumu la akiba bado liko kwenye gari lao. Litakuwa na upepo? Haya. Tutawangoja.

Kabla ya kuhamia Lubumbashi nilifanya kazi ya nanga kwenye ziwa la Moero, kutoka Kilwa yetu ya Kongo hadi Pweto. Watu wa mjini wanadhani nanga ni chuma unachotupa majini kisha unalala. Kutupa anaweza hata mlevi. Nanga inashushwa, mkono juu ya mkono, mpaka uhisi imegusa chini. Halafu unaiacha mashua irudi nyuma taratibu huku ukitoa kamba, na kamba iwe ndefu, mara tano ya kina cha maji, zaidi kama kuna upepo. Kamba fupi inaivuta nanga kwenda juu, na nanga inayovutwa juu haishiki kitu. Mwisho unaweka kiganja juu ya kamba na kusikiliza. Kamba ikitetemeka, nanga inatembea. Kamba ikitulia, unaweza kuomba chai.

Hayo yote nilifundishwa na Kapteni Mwansa, aliyeshika usukani wa mashua yetu. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya kuendesha ng'ombe. Siku yangu ya kwanza nilitupa nanga kwa nguvu ili wanawake sokoni waone. Kapteni akaniuliza mwisho mwingine wa kamba niliufunga wapi. Nikatazama. Ulikuwa unaingia majini nyuma ya nanga, bila haraka, kama nyoka anayerudi nyumbani.

"Sasa ruka," akasema. "Uiulize kama inarudia."

Nilipiga mbizi asubuhi nzima. Tangu siku ile nafunga kwanza, natazama, kisha nafungua mkono. Hata mbuzi simwachii kamba kabla sijaangalia mti.

Mwenye mashua alikuwa Mzee Paluku, mfanyabiashara kutoka Butembo aliyekuwa na depo yake hapa Lubumbashi. Mashua ilikuwa ya mbao, ndefu, yenye injini ya dizeli, ikipeleka sabuni na saruji Pweto na kurudi na samaki wakavu. Mzee Paluku alikuwa na ugonjwa wa kununua kila kitu viwili. Vichujio vya mafuta viwili, pampu mbili, taa mbili, na katika sanduku la mbele Biblia mbili, moja ikiwa imefungwa kwenye nailoni kwa ajili ya siku ya kuzama. Sisi tulimcheka sana. Tulisema mtu aliyezaliwa milimani hawezi kuliamini ziwa.

Alinunua pia nanga mbili. Pale Kilwa palikuwa na mashua tano za ukubwa mmoja, yetu ikiwemo, na nanga ya akiba ilikuwa hiyo moja tu. Hapo ndipo akili yetu ilipoanza kufanya kazi.

Kila mashua, kabla ya kuondoka, ilipaswa kukaguliwa. Mkaguzi alikuwa bwana mpole mwenye karatasi, na katika karatasi yake mlikuwa na mstari mmoja juu ya nanga: nanga ya akiba, iko au haiko. Juu ya nanga yenyewe, ile inayofanya kazi, karatasi haikuuliza kitu. Basi hakuitazama hata siku moja. Pia iliandikwa kwamba nanga ipakwe rangi ya mashua yake, ili isiibiwe. Mashua yetu ilikuwa nyekundu.

Mnaona tulipofika. Siku ya ukaguzi, mkaguzi akianza na sisi, nanga yetu ilikuwa nyekundu. Akimaliza, anakaribishwa soda. Anapokunywa, sisi tunaibeba nanga nyuma ya vibanda vya samaki, tunaipaka kijani, na inamngoja kwenye mashua ya pili. Soda ya pili, inakuwa bluu. Kufikia mashua ya tano ilikuwa njano na bado mbichi. Mkaguzi aliishika, akatazama kiganja chake, akakipangusa kwenye karatasi.

"Hii nanga inafanana na ile ingine," akasema.

"Ni bandugu, chef," tukamjibu.

Akaandika: iko. Kwa hiyo katika karatasi za Kilwa, bandari yetu ilikuwa na nanga tano za akiba. Nasikia tulisifiwa.

Ndani ya sanduku la Mzee Paluku kulikuwa pia na pini mbili za akiba. Pini ndiyo chuma kidogo kinachofunga pingu ya nanga na mnyororo wake. Ni kama kidole cha mkono. Ya kwanza niliichukua nikafungie mlango wa choo cha bandarini, maana mlango ulikuwa unapigwa na upepo na watu wanaonekana. Ya pili fundi wa injini aliifanyia komeo la banda la kuku wake. Pini iliyokuwa kazini ilipolegea ikaanguka majini, nilikwenda kwenye sanduku, nikakuta Biblia mbili. Nikatia msumari wa inchi sita, nikaukunja kwa nyundo. Nikajiambia nitanunua pini wiki ijayo. Msumari ule ulifanya kazi miezi mingi, na kila siku uliyofanya kazi nilizidi kujiona fundi.

Wakati ule nilikuwa nimeposa. Msichana anaitwa Georgette, wa Pweto, binti wa mjane. Mimi nilikuwa mtu wa haya; kuposa kwenyewe kulifanywa na mjomba wangu, mimi nikiwa nimekaa nje nikihesabu bata. Sasa, nyinyi vijana wa mjini mnawasalimu wakwe zenu kwa kuwakumbatia. Kwetu haikuwa hivyo. Mkwe wa kiume na mama wa mke hawatazamani usoni, hawali mmoja mbele ya mwenzake, na hawasemeshani. Kama kuna neno, linapita kwa mtu wa tatu. Ni heshima. Mtu wa haya kama mimi niliipenda sana desturi hiyo.

Lakini Mama Georgette alikuwa hajakubali. Alimwambia binti yake maneno haya: "Mwanaume haumuone kwa kanisa. Unamuona kwa kazi." Alikuwa amekuja Lubumbashi kununua mashine ya kusaga mahindi, mali pekee ambayo mume wake marehemu alimwachia uwezo wa kununua. Badala ya kurudi na lori mpaka Pweto, akashukia Kilwa na kuchagua mashua yetu. Kunikagua, yaani, bila soda.

Asubuhi hiyo ukaguzi ulipita kama kawaida. Nanga yetu ya akiba ilitoka nyekundu ikaenda kwa wenzetu. Upepo ulianza kusogea, Kapteni Mwansa akataka kuondoka, na nanga ilikuwa bado kwenye mashua ya tatu, ikikauka bluu.

"Nanga iko ndani?" Kapteni akauliza.

Nikasema, "Kila kitu iko sawa." Hilo ndilo jibu la mtu ambaye kitu hakiko sawa. Nilijua tutaichukua tukirudi.

Tulikuwa watu ishirini, pamoja na mizigo. Mashine ya Mama Georgette iliwekwa katikati, chuma kizito chenye miguu minne, na motaa yake ikawekwa pembeni. Mama akakaa juu ya mashine kama malkia, akinipa mgongo. Boti ya mita kumi na mbili si mahali pa kumkwepa mkwe. Kila nilipotaka kwenda nyuma, yeye alivuta kitenge usoni na mimi nikatazama mbingu. Mara mbili nilikanyaga samaki wa watu. Mara ya tatu nikapita nje ya mashua, nikining'inia ukingoni kama nyani. Nikasikia akimuuliza jirani yake, "Ule anafanya nini kule inje?"

"Anakuheshimu, Mama."

"Aniheshimu ndani. Ataanguka."

Mchana tulipokaribia pwani moja ya mawe, kabla ya Pweto, injini ikakohoa mara mbili na kunyamaza. Mafuta yalikuwa na maji. Fundi akasema atabadilisha kichujio na kutoa hewa, tumpe muda. Kichujio cha akiba kilikuwepo, Mungu ambariki Mzee Paluku. Upepo ulikuwa unatusukuma kwenye mawe. Kapteni akapiga kelele, "Nanga!"

Nikashusha vizuri, kama nilivyofundishwa. Kamba ikakaza, mashua ikageuza pua kwenye upepo, watu wakanisifu. Hata mgongo wa Mama Georgette nikauona umelegea kidogo. Nikaweka kiganja juu ya kamba.

Likaja wimbi moja kubwa, kisha lingine. Kamba ikaruka, na ghafla ikawa nyepesi mkononi mwangu, nyepesi kama kamba ya kuanikia nguo. Nikaivuta. Ulikuja mnyororo, ikaja pingu, na katika pingu nusu ya msumari.

"Ya rechange!" Kapteni akaita, akitaka nanga ya akiba. "Mbio!"

Sikusonga. Mawe yalikuwa pale, meusi, maji meupe yakipanda juu yake na kushuka. Nikatazama kila kitu kilichokuwa ndani ya mashua. Saruji tulikuwa tumeishusha kijiji cha nyuma. Sabuni haishiki kitu. Samaki ndio kabisa, na motaa ni mviringo, ingeteleza. Katikati kulikuwa na chuma kimoja tu chenye miguu, na juu ya chuma hicho amekaa mama mkwe.

"Kapteni," nikasema nikitazama mawingu, "umuulize Mama, mashine iko na miguu ngapi?"

"Weye! Mawe iko pale, unaniuliza miguu?"

"Umuulize!"

Kapteni akageuka. "Mama, mukwe yako anauliza mashini iko na miguu ngapi."

"Mumuambie ine. Juu ya nini anauliza?"

"Mwambie natafuta nanga."

Kitenge kikashuka kidogo. "Mumuulize nanga yake iko wapi."

"Mama anauliza..."

"Nasikia, Kapteni! Mwambie imekatika."

"Na ya rechange?" akasema Mama. "Asubui niliona mukaguzi anaiandika. Niliona na macho yangu mbili."

Waliokuwa wakisali walisimama katikati ya sala wasikie.

"Mwambie iko Kilwa."

"Iko Kilwa, Mama."

"Inafanya nini Kilwa?"

"Mwambie... inakaguliwa."

Mwanamke mmoja wa samaki akaangua kicheko, mawe yakiwa mbele yetu hatua hamsini. Nawaapia, alicheka. Kapteni Mwansa hakucheka. Alinitazama kama mtu anayetafuta upande wa kunitupia majini.

Mama Georgette akasimama. Akashika mashine kwa mkono mmoja, kama mtu anayeshika kichwa cha mtoto.

"Mumuambie achukue. Na mumuambie afunge muzuri. Hii haina mwenzake."

Sikilizeni sasa, maana hili linaweza kuwafaa. Chuma chenye miguu usikifunge mguu mmoja, kitapinduka na kufunguka. Nilipitisha kamba katika miguu yote minne, nikaizungusha tumboni, nikaweka magunia pale kamba inapogusa kona ili isikatwe, na nikafunga vifundo viwili, cha pili kikikilinda cha kwanza. Wanaume wanne tukaishusha. Hatukuitupa. Nikatoa kamba yote tuliyokuwa nayo, nikaweka kiganja.

Ilitetemeka. Mashine ilikuwa inatembea chini ya ziwa, miguu minne, ikitufuata kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Mawe yakafika hatua thelathini, ishirini. Halafu ikagonga kitu, ikateleza, ikagonga tena, na kamba ikatulia. Miguu yake ilikuwa imeingia kati ya mawe ya chini. Mashua ikageuka polepole na kusimama. Kati ya nyuma yetu na mawe mbuzi angeweza kuruka.

Fundi akamaliza kutoa hewa, na injini ikawaka. Kapteni akasema tuvute. Tukavuta sisi wanne, tukavuta sita, tukavuta wote hata waliotapika. Mashine haikutoka. Kitu kinachoshika vizuri kinashika vizuri, hakibagui. Na wimbi lilikuwa linazidi.

"Kapteni," nikasema, "umuulize Mama..."

"Hii sitamuuliza," akasema Kapteni kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo. "Kata."

Nikakata. Mama Georgette alitoa kitenge usoni na kunitazama moja kwa moja, mara ya kwanza. Mimi nikatazama mbingu. Wengine walisema ni heshima.

Pweto tulishuka wote wazima. Watu walinishika mkono. Mama Georgette akasimama mchangani na motaa yake isiyo na mashine, akamwita Kapteni, akasema kwa sauti iliyowafikia hata wauza mihogo:

"Mumuambie aksanti, tunapona. Na mumuambie hivi: miye sisafirie bila rechange. Kule kwa misioni iko Mwalimu Sylvain. Naye aliuliza kuoa Georgette, na kizungu muzuri. Sikumukatalia. Nilimuweka. Mahindi mapya ikikauka na mashini haiko kwangu, nitatumia ule."

Kapteni akanigeukia. "Mama anasema..."

"Nasikia, Kapteni."

Nikaja Lubumbashi juu ya lori, siku nyingi za matope, nikaingia depo kwa Mzee Paluku na kumweleza yote, rangi zote tano, choo, kuku, na msumari. Alinisikiliza akisafisha miwani. Alikuwa na miwani mbili.

"Kwa hiyo nilinunua nanga mbili," akasema, "na siku ya shida nilikuwa na sufuri."

"Ndiyo, Papa."

"Ungeniambia choo hakina komeo, ningenunua komeo mbili."

Hakunifukuza. Nyuma ya depo palikuwa na mashine mbili za kusaga, ndugu wa ile ya ziwani. Mnajua tayari kwa nini mbili. Akanipa moja, nami nikabaki kubeba magunia depo msimu wote, bila kwenda ziwani. Alisema mizigo ya abiria iliyopotea ni aibu ya mwenye mashua, na aibu yake nitaibeba mimi mgongoni. Nilifika Pweto na mashine mahindi yakiwa bado na unyevu kidogo. Nilichukua pia, bila kuambiwa, mkanda wa pili, boliti za ziada, na pini nne. Nikaviweka mlangoni kwa Mama Georgette, nikaenda kukaa nje na bata.

Aliifunga mashine kwenye motaa yake, akasaga debe moja, akaonja unga kwa kidole. Halafu akatuma mtoto wa jirani: niite watu wangu, tuongee harusi.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini baada ya harusi niliona kwamba kila mwisho wa mwezi mama mkwe anamfungia Mwalimu Sylvain unga, safi, wa kwanza kusagwa, na anampelekea misioni pamoja na salamu. Mwezi wa kwanza niliutazama tu ule unga ukienda. Mwezi wa pili nikautazama tena. Mwezi wa tatu uvumilivu ukanishinda, nikamuuliza mke wangu: sisi tumekwisha kuoana, mama yako anampelekea yule mwalimu unga kwa nini?

Georgette alikuwa anapepeta mahindi. Hakuinua hata kichwa.

"Juu asishike kutu," akasema.